Andikeni Majina Yao: Barua ya Wazi kwa Mnaogawa Nishani za Ushujaa

Kwenu wakuu wa majeshi, mawaziri wa ulinzi, na wajumbe wa kamati za nishani mnaoamua nani alikuwa shujaa na nani alitimiza tu wajibu wake.

Waheshimiwa,

Mimi ni karani mstaafu wa kikosi. Miaka yangu mingi jeshini niliimaliza nyuma ya meza, kwanza na taipureta, baadaye na kompyuta iliyojaa vumbi kuliko kumbukumbu. Sijawahi kuvishwa nishani ya ushujaa wala sidai, maana siku risasi zikilia mimi nilikuwa hemani nikiorodhesha majeruhi. Lakini mapendekezo ya nishani yalipitia mikononi mwangu kabla hayajafika kwenu. Ninyi huyaona yamepigwa chapa, yamegongwa mihuri, yamo ndani ya jalada safi. Mimi niliyaona yakizaliwa, na mengine niliyaona yakifia njiani.

Naandika kwa jambo moja. Mnaamini kwamba haki ya nishani hupimwa mezani kwenu, na pengine pale mezani mnapima vizuri kabisa. Shida ni kwamba karatasi ikiwafikia, hukumu imekwisha kutolewa chini huko, na aliyeitoa ni mwenye kalamu.

Niwape kisa. Usiku mmoja msafara wetu ulivamiwa na gari la mbele likashika moto. Kapteni aliyekuwa akiongoza alipanga ulinzi, akaita msaada kwa redio, akawatuliza vijana. Alifanya kazi nzuri, sina neno naye. Koplo mmoja, dereva wa gari la nyuma, alirudi kwenye lile gari linalowaka mara tatu, na kila mara alitoka na mtu. Asubuhi nikaletewa karatasi mbili. Ya kapteni ilikuwa na kurasa nne, imeandikwa na mnadhimu wa kikosi, rafiki yake tangu chuo cha maafisa, na ramani ya eneo ilichorwa kwa kalamu za rangi. Ya koplo ilikuwa nyuma ya fomu ya posho, kwa mwandiko wa sajini wake, mtu aliyejua kulenga shabaha kuliko kupanga sentensi. Nazikumbuka sentensi zote tatu: "Alirudi kwenye gari mara tatu. Alitoa watu watatu. Naomba afikiriwe."

Nilizipiga chapa kama zilivyo. Ndilo kosa langu, na nimelibeba. Ningeweza kumwita sajini nikamuuliza: alirudi kutoka umbali gani? Moto ulikuwa umefika wapi? Nani mwingine aliona? Mikono yake ilikuwaje? (Ilikuwa imeungua hadi kwenye viwiko, niliiona mwenyewe alipokuja kusaini.) Sikuuliza, kwa sababu karani haulizi. Baada ya miezi kadhaa majibu yakarudi. Kapteni alipata nishani. Koplo alipata barua ya pongezi, na pembeni ya pendekezo lake mtu wa makao makuu alikuwa ameandika kwa wino wa bluu: "Alikuwa akitekeleza majukumu yake ya kawaida."

Maneno hayo, waheshimiwa, yameua nishani nyingi kuliko adui alivyoua watu. Huwakuta zaidi madereva, wapishi, matabibu wa kikosi na wabeba machela, watu ambao kazi yao yenyewe ni kwenda mahali wengine wanapokimbia. Tabibu akitambaa chini ya risasi kumfunga mtu jeraha, wanasema ndiyo kazi yake. Afisa akisimama chini ya risasi hizo hizo kuelekeza kikosi, wanasema ameonyesha uongozi wa kipekee. Na kuongoza si kazi yake?

Someni mapendekezo ya miaka kumi kwa mkupuo mmoja mtaona hata vitenzi vina vyeo. Afisa "alihatarisha maisha yake bila kujali". Askari wa chini "alisaidia". Afisa "aliokoa hali". Askari wa chini "alikuwepo".

Na mara nyingine hata jina hana. Tarehe 7 Desemba 1941, meli za Marekani ziliposhambuliwa Pearl Harbor, mhudumu wa chumba cha chakula katika meli ya West Virginia alisaidia kumbeba nahodha wake aliyejeruhiwa, kisha akashika bunduki kubwa ya kutungulia ndege ambayo hakuwahi kufundishwa kuitumia, akaipiga. Mabaharia weusi wakati huo walipangiwa jikoni na kwenye meza za maafisa. Orodha ya mwanzo ya waliostahili pongezi ilimtaja kama Mweusi asiyejulikana jina. Meli nzima ilimjua. Alikuwa akiwapelekea chakula. Ilichukua kelele za magazeti ya Wamarekani weusi hadi jina la Doris Miller likajulikana, na Mei 1942 akavishwa Msalaba wa Jeshi la Majini, ambao uko chini ya Nishani ya Heshima, ile ya juu kabisa ya nchi yake. Mwaka uliofuata alikufa vitani baharini.

Kuna karatasi nyingine inayoniuma zaidi, labda kwa sababu ndani yake kuna neno la lugha yetu. Mei 1941, huko Colito nchini Ethiopia, sajini Nigel Leakey wa King's African Rifles, jeshi la wakoloni Waingereza Afrika Mashariki, alipanda juu ya kifaru cha adui, akafungua mfuniko wake kwa nguvu na kuwapiga risasi waliokuwa ndani, isipokuwa dereva. Kisha akashuka kwenda kuvivizia vifaru vingine kwa miguu, akauawa juu ya kimojawapo. Alipewa Victoria Cross, nishani ya juu kabisa ya Uingereza, na tangazo likachapishwa Novemba 1945, zaidi ya miaka minne baadaye. Alistahili, na sitaki mtu yeyote asome hapa kwamba namwonea wivu marehemu. Lakini someni maelezo rasmi ya kitendo chake. Yanasema kwamba alipokwenda kuvivizia vile vifaru hakuwa peke yake: alikuwa na sajini meja Mwafrika na askari. Kiingereza cha gazeti la serikali kimeliacha neno "Askari" vile vile, kwa Kiswahili, kama cheo cha mtu asiye na jina. Hao nao walikuwa kwenye uwanja ule ule, mbele ya vifaru vile vile, bila silaha ya kupigia vifaru. Anayesoma maelezo yale leo hawezi kujua waliitwa nani. Huwezi kumnyima mtu nishani kwa ukamilifu kuliko hivyo. Ukimkatalia, angalau kuna faili lenye jina lake, na siku moja mjukuu wake anaweza kulifufua. Usipomwandika jina, hata wa kumwonea huruma hayupo. Wahenga walisema chanda chema huvikwa pete. Hawakusema chanda kisichoandikwa kinavikwa nini.

Najua mtasema hayo ni ya zamani, ya ukoloni na ubaguzi wa rangi, na kwamba majeshi ya leo yamebadilika. Yamebadilika, ndiyo. Uingereza, kwa mfano, kwa miaka mingi ilikuwa na ngazi mbili za ushujaa: kitendo kile kile kilimpa afisa Military Cross na kikampa askari wa kawaida Military Medal. Ujasiri ulikuwa na mlango wa mbele na mlango wa jikoni. Mwaka 1993 waliifuta ile ya jikoni na kuifungua ile ya mbele kwa vyeo vyote. Angalieni jinsi ilivyochelewa: vita vikuu viwili vilikuwa vimepita.

Kwenye mlango huo wa jikoni ndiko alikopitishwa Job Maseko wa Afrika Kusini. Wanajeshi weusi wa nchi yake hawakuruhusiwa kubeba bunduki katika Vita vya Pili vya Dunia. Alitekwa Tobruk, mji wa bandari wa Libya, ulipoanguka Juni 1942, akawekwa kupakua meli bandarini. Huko, akiwa mateka, alichukua kopo dogo la maziwa, akalijaza baruti, akalificha katikati ya mapipa ya petroli ndani ya meli ya adui, akavuta utambi mrefu hadi kwenye tundu la kushukia, akauwasha wakati wa kutoka. Meli ikazama. Baadaye alitoroka na kuvuka jangwa kwa miguu hadi akawafikia wenzake. Mtu aliyenyimwa bunduki na jeshi lake mwenyewe alizamisha meli kwa kopo, na jeshi hilo likampa Military Medal. Watu wanabishana mpaka leo iwapo hakustahili Victoria Cross. Mimi nimesoma mapendekezo mengi kuliko wengi wao, na nasema pendekezo lake ningelipiga chapa kwa mikono miwili.

Cha ajabu, waliounda Victoria Cross walikuwa wameliona tatizo hili mapema. Hati ya mwaka 1856 ilisema wazi kwamba si cheo, si urefu wa utumishi, wala si majeraha yatakayompa mtu haki ya kuipata. Ni ushujaa tu. Tena iliweka utaratibu ambao ninyi wa leo mngeuona kama uasi: kikosi kizima kikifanya tendo la kishujaa kiasi kwamba hakuna wa kumtofautisha na mwenzake, askari wapige kura. Maafisa wachague wao, sajini na koplo wao, na askari wa kawaida wao. Nishani 46 zilitolewa kwa njia hiyo, za mwisho zikiwa za shambulio la bandari ya Zeebrugge, Ubelgiji, la mwaka 1918. Hakuna mnadhimu aliyechora ramani kwa kalamu za rangi. Waliokuwepo waliulizwa: ni nani? Wakajibu. Mimi nimekaa na askari kwenye foleni ya chai baada ya mapambano, na nawahakikishia kwamba jibu huwa wanalo kabla chai haijapoa. Wasiolijua ni makao makuu.

Lakini hati hiyo hiyo ilikuwa na upofu wake. Kwa karibu nusu karne aliyekufa katika tendo lenyewe hakupewa nishani. Kwa hiyo aliyetoa kila kitu alipata kidogo kuliko aliyenusurika. Wale maluteni wawili, Melvill na Coghill, waliokufa mwaka 1879 wakijaribu kuokoa bendera ya kikosi chao baada ya Waingereza kushindwa na Wazulu huko Isandlwana, Afrika Kusini, familia zao zilisubiri hadi 1907. Kanuni zenu za leo zinawafumbia macho wafu kwa njia nyingine: zinataka mashahidi wa macho. Ni sharti la busara, nami sisemi liondoke. Ila fikirini kinachotokea pale kikundi cha watu sita kinapokufa chote kikishikilia daraja. Shahidi ni nani? Kadiri tendo lilivyokuwa la hatari zaidi ndivyo mashahidi wanavyopungua.

Na kuna suala la haraka. Hapa sitaki kumlaumu mtu, maana kisa hiki kina mtu mwema ndani yake. Oktoba 2005, huko Iraq, gari la deraya la sajini Alwyn Cashe wa jeshi la Marekani lililipuliwa na kuwaka moto. Sare yake ilikuwa imelowa mafuta. Alirudi motoni mara baada ya mara kuwatoa askari wake, akaungua sehemu kubwa ya mwili, akafa Novemba. Kamanda wake, akiandika wakati vita vinaendelea na habari zikiwa nusunusu, alimpendekeza kwa Silver Star, ambayo ni ya ngazi ya tatu. Baadaye, walionusurika walipoanza kusimulia, akagundua kwamba hakujua hata nusu ya yaliyotokea. Akaanza kusahihisha karatasi yake mwenyewe. Sahihisho hilo lilichukua hadi Desemba 2021, ndipo familia ikakabidhiwa Nishani ya Heshima. Miaka kumi na sita, na hii ni kwa mtu ambaye kamanda wake alikuwa upande wake! Koplo wangu hakuwa na wa kumsahihishia.

(Haraka ina vituko vyake pia. India mwaka 1999, baada ya vita vya Kargil dhidi ya Pakistan, ilimtangaza Yogendra Singh Yadav kuwa amepewa Param Vir Chakra, nishani yao ya juu kabisa, akiwa marehemu. Kumbe yuko hospitali anatibiwa majeraha. Aliyekufa alikuwa mwenzake wa jina hilo hilo. Yadav angalau aliishi kuusoma utukufu wake.)

Sasa nije kwenye milango mnayoifunga. Haane Manahi, Mmaori wa New Zealand, alipanda mwamba wa Takrouna nchini Tunisia mwezi Aprili 1943 na kikundi kidogo, wakauteka. Majenerali walimpendekeza kwa Victoria Cross, Montgomery, jenerali maarufu wa Uingereza, akiwa mmoja wao. Mahali fulani juu pendekezo likashushwa akapewa nishani ya chini yake. Watu wake walipodai haki baadaye, waliambiwa kwamba mfalme alikwisha kufunga hesabu za nishani za vita vile mwaka 1949. Mwaka 2007, yeye akiwa amekwisha kufa, walipewa barua ya malkia, kitambaa cha madhabahu na upanga. Kitambaa! Lakini Australia, ambayo ina Victoria Cross yake, mwaka 2020 ilimpa nishani hiyo Teddy Sheean, baharia wa miaka 18 aliyebaki kwenye bunduki akifyatua huku meli yake ikizama mwaka 1942. Miaka 78 ilikuwa imepita na dunia haikupinduka. Kumbe mlango unaofungwa na mtu, mtu anaweza kuufungua.

Marekani nayo iliufungua. Wamarekani weusi zaidi ya milioni moja walivaa sare katika Vita vya Pili vya Dunia, na vita vilipokwisha hakuna hata mmoja aliyekuwa na Nishani ya Heshima. Sifuri. Watafiti walioagizwa na jeshi lenyewe katika miaka ya 1990 walipekua kumbukumbu, na Januari 1997 watu saba wakapewa. Sita walikuwa wamekufa. Wa saba, Vernon Baker, alikuwa na miaka 77. Nikiona tarakimu kama ile sifuri sihitaji kuambiwa nani alikuwa na nia mbaya. Karani yeyote anajua kwamba safu ya hesabu isiyo na kitu kabisa maana yake kuna mtu hakuandika.

Wapo kati yenu wanaoogopa kwamba kufungua majalada ya zamani kutaishusha thamani nishani. Kilichowahi kuishusha ni ugawaji wa holela. Mwaka 1863, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kikosi cha 27 cha jimbo la Maine kiliahidiwa Nishani ya Heshima ili askari wake wakubali kubaki siku chache zaidi kuulinda mji mkuu. Kama mia tatu walibaki, lakini orodha ikavurugika na nishani 864 zikatengenezwa, za waliobaki na za waliokwenda nyumbani. Mwaka 1917 kamati ya majenerali wastaafu ilifuta nishani 911, hizo zikiwemo. Ikafuta pia ya Mary Walker, daktari, mwanamke pekee aliyewahi kuipata. Yeye alikataa kuirudisha, akaendelea kuivaa hadi alipokufa 1919, na mwaka 1977 serikali ikamrudishia rasmi kile ambacho hakuwahi kukivua. Kwa hiyo kupitia upya mafaili si jambo geni. Mlishawahi kufanya hivyo ili kunyang'anya.

Wala siombi mgao, kila kabila lake, kila cheo chake, kila kombania nishani mbili kama posho. Nimeona makamanda wanaogawa nishani mwisho wa zamu kama peremende, na askari wanazivaa huku wakichekana. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Mzembe naye msimpambe.

Ninachoomba ni kidogo na hakina gharama kubwa. Pendekezo likija, litaje kila aliyekuwepo kwa jina na namba yake ya jeshi, hata kama sentensi moja tu inamhusu. Kila kikosi kiwe na mtu aliyefunzwa kuuliza yale maswali niliyonyamaza nisiyaulize, na aende kwa mashahidi mwenyewe, asisubiri sajini aandike nyuma ya fomu. Kamati isome tendo likiwa limefichwa jina, cheo na kikosi, kisha ndipo bahasha ifunguliwe. Mtashangaa ni mara ngapi mtakuwa mmempa koplo. Anayeshusha pendekezo aandike sababu kamili na kusaini kwa jina lake. Wino wa bluu pembeni usitoshe. Mashahidi wapya wakijitokeza, hata baada ya miaka arobaini, faili lifunguliwe bila kuhitaji wabunge au malkia. Na kila mwaka mtoe hesabu hadharani: mangapi yaliletwa, ya vyeo gani, mangapi yalishushwa.

Kuhusu hiyo kura ya askari ya mwaka 1856, sina hakika kama ingefaa leo. Vikosi vina makundi yake na chuki zake. Lakini kuwauliza, hata kwa karatasi ya siri, ingewagharimu nini?

Yule koplo yuko hai. Nilimkuta miaka michache iliyopita, ameacha jeshi, anaendesha lori. Mikono yake ina makovu yanayong'aa kama nailoni, na kwenye usukani huvaa glovu hata wakati wa joto. Nilimwambia kwamba niliipiga chapa karatasi yake na kwamba nilipaswa kumwuliza zaidi. Alicheka, akasema hakujua kama kulikuwa na karatasi. Wawili kati ya wale watatu aliowatoa wapo pia, na mmoja ameniambia yuko tayari kuandika maelezo yake. Nimemwambia asubiri kidogo nione kama barua hii itajibiwa, na kwamba safari hii nitamwuliza maswali yote.

Wenu mtiifu,

Karani mstaafu wa kikosi